Rangi ya Upande wa Barabarani

Rangi yenyewe haikuwa na kosa, tuseme hilo mapema. Ilikuwa rangi nzuri ya waridi, kama ndani ya pera lililoiva, rangi ya mafuta ya kizungu isiyochujuka kwa mvua wala kwa chumvi ya pwani. Nyumba ya marehemu Mzee Dzombo pale Msambweni, kando ya barabara kuu, ilipopakwa rangi ile mwaka wa Uhuru, watu walishuka kwenye baiskeli zao ili waitazame vizuri. Wakasema mashaallah. Wakasema Alfani kijana mwema, amemkumbuka mjomba wake. Na kila aliyesema hivyo alimchoma Alfani moyoni bila kujua.

Maana Alfani alijua alichokifanya. Lau angekuwa hajui, tungesema ni ujinga, tukamsamehe na kisa chetu kikaisha. Huyu alijua, na akafanya.

Mzee Dzombo alikuwa kaka wa mamake Alfani, ndugu wa toka nitoke. Mama alifariki Alfani angali anatambaa, na ni mjomba huyu aliyemchukua akamlea. Mke wa mjomba, Bi Mwanasha, mwenyeji wa Mkwiro kule kisiwani Wasini, ndiye aliyembeba mgongoni, akampeleka chuoni kusoma, akakaa nje ya chuo akimngoja mpaka alipozoea. Wao wenyewe hawakujaliwa mtoto. Alfani alimwita mkaza mjomba, kama inavyostahiki, lakini homa ilipompanda alikuwa akimwita mama.

Sasa Mzee Dzombo alikuwa Mdigo, na kwa mila ya Wadigo wa zamani mali ya mtu haiendi kwa mkewe. Inakwenda kwa mpwa, mtoto wa dada, kwa kuwa mpwa ni wa fuko lake, watu waliotoka tumbo moja la mama, na mke ni mgeni tu aliyekuja kwa ndoa. Mashekhe walikuwa wakilikataa jambo hilo, wakisema Qurani imekwisha kugawa na mjane ana fungu lake. Miaka ile kila msiba ulikuwa na mabishano yake, wazee wa fuko huku, mashekhe kule, na mjane ndani akingojea aambiwe atalala wapi. Nao ulikuwa mwaka wa kuulizana kila kitu ni cha nani. Barazani watu walikuwa wakikesha wakibishana kama pwani hii ni ya Sultani au ni ya Kenya, sembuse nyumba ya udongo.

Mzee Dzombo aliyajua hayo yote. Ndiyo maana alipoona hali yake si ya kupona, alasiri moja alimwita Alfani ndani peke yake, akamshika mkono.

“Nyumba hii ni ya Mwanasha,” akamwambia. “Mimi nilisimamisha miti tu, udongo wake ameukandika yeye kwa mikono yake. Nikifa, fuko watakuja kwako, wewe ndiwe mpwa. Waambie huitaki. Na akitoka eda, mpakie nyumba upya, rangi aitakayo yeye, ili kila apitaye ajue ni yake.”

Alisema hivyo kwa sababu pale mtaani kupaka nyumba hakukuwa urembo mtupu. Mtu akisimama barazani na brashi mkononi, majirani hawaulizi tena mwenye nyumba ni nani. Mpangaji hapaki, mgeni hapaki, na ukimwona mtu anapaka ujue amekwisha kukaa.

Alfani akalia, akasema nimesikia mjomba, akaapa hata bila kuombwa kiapo. Mzee hakuiona Ijumaa iliyofuata. Akazikwa, khitma ikasomwa, na Bi Mwanasha akaingia edani, miezi minne na siku zake kumi za kukaa ndani bila ya kujipamba wala kutoka mbele ya watu. Wazee wa fuko wakasema mambo ya nyumba yatazungumzwa atakapotoka. Hawakuficha nia yao: atatafutiwa safari arudi kwao Mkwiro, ambako wazazi wamekufa na nyumba yao imekwisha kuanguka.

Wakati huo Alfani alikuwa mpishi wa memsahibu mmoja mzee kule Diani, na chumba chake cha kulala kilikuwa uani kwa memsahibu huyo huyo. Wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku mwaka ule, kila mmoja na hofu yake, na wa Alfani naye akafunga. Siku ya kuondoka alimwambia aingie stoo achukue akitakacho, akapanda gari, akaenda zake. Mtu mwingine angechukua sufuria, au taa, au kile kitanda cha chuma. Alfani alichukua makopo ya rangi yaliyobaki na brashi nzuri iliyoloweshwa mafuta ya taa.

Ukitaka kujua kwa nini, nitakwambia. Miaka yote alikuwa akibeba chai kwenye ile baraza ya waridi ya memsahibu, akipita mlango wa jikoni, na moyoni alikuwa akijiuliza mtu anajisikiaje akiingia nyumba ya rangi ile kwa mlango wa mbele, kwa hatua za mwenyewe, bila sinia mkononi. Si dhambi kutamani hivyo. Dhambi ilikuja baadaye.

Tena palikuwa na Esha. Esha alikuwa binti wa watu wa Jego, karibu na Vanga, msichana mwenye sauti ya taratibu na macho ya kucheka, na posa yake ilipelekwa na Mzee Dzombo mwenyewe kabla hajaugua. Alfani alipokwenda Jego kuwaamkia wakwe baada ya matanga, babake Esha alimuuliza swali ambalo kila baba huuliza: utamweka wapi binti yangu? Na Alfani, aliyekuwa amepoteza kazi na chumba kwa pamoja, ambaye usiku alijibanza kwa rafiki mwenye kitanda kimoja, akasikia ulimi wake ukisema ana nyumba Msambweni, kando ya barabara. Babake Esha akafurahi. Akasema basi watakuja kuiona, yeye na dada yake.

Neno lilikwisha kutoka. Njiani kurudi akaanza kujipa moyo. Akasema, si mjomba aliusia nyumba ipakwe? Basi nitaipaka, wosia utakuwa umetimia, na wakwe nao wataiona ikiwa inapendeza. Mengine nitayaeleza baadaye. Aliyapanga hivyo vizuri kabisa kichwani, na kila alipoyapanga alijihisi mtu mwema. Kitu kimoja tu alikiruka, kama mtu anavyoruka dimbwi: rangi aitakayo yeye.

Ingekuwa rahisi kuuliza. Kila Ijumaa alikuwa akienda kusimama mlangoni, akabisha hodi, akaamkia, naye Bi Mwanasha akaitikia kutoka ndani na kumuuliza amekula nini. Angeuliza pale pale. Au angemtuma Bi Kahaso, yule jirani aliyekuwa akiingia kila asubuhi na ndoo ya maji na kuni za mjane. Bi Kahaso mwenyewe alimkuta siku ile akikoroga rangi barazani, akachungulia ndani ya kopo, akauliza kama Mwanasha ameulizwa. Akasema yeye anaingia sasa hivi, amuulizie?

Alfani alimjibu kwa adabu tele kwamba mtu aliye edani hasumbuliwi na mambo ya dunia, haifai, na tena yeye si maharimu wake wa kuzungumza naye ovyo. Sikia hayo! Mtu aliyebebwa mgongoni na mwanamke huyo, leo anamjengea ukuta wa dini ili asisikie jibu lake. Bi Kahaso alimtazama kidogo, akajitwika ndoo yake, akazunguka kwenda uani.

Alikwangua chokaa ya zamani, akaanza kupaka. Makopo yalitosha pande mbili tu za nyumba, na Alfani hakusita kuzichagua. Akapaka mbele, kwenye baraza, akairudia mara ya pili ili ikolee. Kisha akapaka ubavu unaoonekana na watu watokao Diani. Ubavu wa pili uliokuwa mwembeni kwa jirani akauacha. Na nyuma, kule uani, kwenye jiko na kisima na kamba ya nguo, mahali pekee ambapo mwanamke wa edani huweza kutoka akaona jua, hakupaka hata tone. Huko chokaa ilikuwa imebambuka na udongo ukitazama nje.

Wakati akipaka mbele, chini ya dirisha la chumba cha Bi Mwanasha, dirisha limefungwa, alisikia sauti kutoka ndani.

“Nani huyo ukutani?”

Alfani akasimama na brashi mkononi.

“Alfani, ni wewe?”

Hakujibu. Alijua akisema ndiyo mimi, neno litakalofuata ni la rangi, na baada ya neno hilo hatakuwa na pa kujificha. Rangi ikawa inadondoka kutoka kwenye brashi, ikimwangukia mguuni, naye amesimama kama mwizi aliyesikia mbwa. Mara akamsikia Bi Mwanasha akikohoa ndani, harufu ya mafuta ya taa imemwingia kifuani, kisha mlango wa ndani ukafungwa. Akangoja kidogo. Akachovya brashi, akaendelea. Soni ilimshika pale pale, na bado mkono ulikuwa ukipaka.

Siku chache baadaye wakwe wakaja. Alfani alikuwa ameazima viti na kununua halwa, akawakaribisha barazani kwa maneno mengi. Babake Esha, mtu mtaratibu, akapitisha kiganja ukutani, akashangaa ulaini wake, akauliza kama rangi ile ameichagua mwenyewe. Alfani akasema mwenyewe. Hilo angalau lilikuwa kweli.

Wakala halwa, wakanywa kahawa, wakaulizana habari za Jego na za bendera mpya iliyokuwa ikingojewa. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka pale kikohozi kiliposikika ndani, karibu kabisa, nyuma ya dirisha. Shangazi yake Esha akageuza kichwa. Akauliza ndani mna nani.

“Ni mjane wa marehemu mjomba,” Alfani akasema. “Nimemwachia chumba kwa sasa. Maskini hana pa kwenda.”

Kikohozi kikakoma. Kilikoma ghafla, kama cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kanga. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma, akasema Mungu atakulipa, na Alfani akainama kumimina kahawa ambayo tayari ilikuwa imejaa kikombeni. Ikamwagika kwenye mkeka. Walipoaga alisindikiza mpaka barabarani akicheka cheka, na walipotoweka akabaki amesimama, hawezi kuigeukia nyumba. Alitamani lile dirisha lifunguliwe atukanwe mbele ya mtaa mzima. Halikufunguliwa.

Ijumaa iliyofuata hakwenda kuamkia. Na ile ya pili hakwenda. Akitoka msikitini alikuwa akipita njia ya mashambani, akizunguka kote huko kwenye minazi na mihogo ya watu, ili asiipite nyumba aliyoipaka kwa mikono yake. Rafiki yake akimsifu kwa rangi, alikuwa akijitia hamnazo na kuzungumza habari ya mvua. Wazee wa fuko nao wakamjia, watatu, wakiongozwa na Mzee Mwinga, wakampa mkono. Wakasema wameona amekwisha kupaka, basi hapana la kujadili tena, mpwa amekaa mahali pake. Hapo ndipo mjomba alipomtaka aseme haitaki. Alfani akasema ahsanteni wazee wangu.

Siku moja Bi Kahaso alimkuta sokoni. Hakumgombeza. Alimwambia tu kwamba Mwanasha anamuulizia, anauliza mbona siku hizi haji kumwamkia, au anaumwa? Alfani akasema kazi nyingi. Kazi gani, na mtu alikuwa hana kazi! Akaondoka na samaki wake, na alipofika mbele kidogo akagundua analia njiani, mtu mzima na ndevu zake.

Eda ikaisha. Asubuhi hiyo wanawake wa mtaa walijaa nyumbani, wakamwogesha Bi Mwanasha, wakampaka mafuta, wakamvika leso mpya aliyoletewa na Bi Kahaso. Wanaume wakakaa nje kwa ajili ya dua: shekhe, wazee wa fuko na Alfani, ambaye hangeweza kukosekana hata kama angetaka. Na shangazi yake Esha alikuwapo. Alitoka Jego alfajiri kuja kutoa mkono, na pia, tusifichane, kuitazama nyumba mara ya pili.

Dua ikasomwa. Kisha mlango wa mbele ukafunguliwa, na Bi Mwanasha akatoka, amekonda, akifinya macho kwa jua. Alishuka baraza mpaka uwanjani ndipo akageuka kuitazama nyumba yake. Aliitazama kwa muda mrefu. Akasogea, akaugusa ukuta kwa kidole, akakinusa kidole. Akatembea mpaka ubavu wa upande wa Diani, akauona nao. Akavuka mbele yao wote taratibu, akaenda ubavu wa pili, wa mwembeni, akauona ulivyoachwa, na akarudi. Alfani alikuwa akitazama vidole vya miguu yake, ambako tone la waridi lilikuwa bado halijatoka kwenye ukucha.

Mzee Mwinga akaona aseme, ili jambo liishe kwa heri. Akamwambia Bi Mwanasha kwamba amestahimili vizuri, Mungu ampe subira, na kwamba fuko halitamtupa, litamtafutia safari ya kurudi kwao salama, kwa vile mpwa amekwisha kuiweka nyumba sawa kama wote wanavyoona.

Bi Mwanasha akamsikiliza mpaka mwisho, kama mtu aliyelelewa vizuri.

“Safari ipi, Mzee Mwinga?” akauliza. “Marehemu alimwusia Alfani kwamba nyumba ni yangu, na nikitoka eda anipakie rangi niitakayo. Kijana hakuweza kungoja, akaanza mapema. Rangi hii nimeichagua mimi.” Kisha akamgeukia Alfani. “Si ndivyo, mwanangu?”

Hapo dunia yote ya Alfani ilisimama juu ya neno moja. Wosia ule hakuna mtu mwingine aliyeusikia; ndivyo alivyoamini siku zote. Angesema sivyo, fuko lote lingekuwa nyuma yake, na mjane angeonekana amechanganyikiwa kwa huzuni, akapandishwa mashua jioni hiyo hiyo. Angepata nyumba, angepata Esha, angeingia kwa mlango wa mbele. Akainua uso. Bi Mwanasha alikuwa akimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama nje ya chuo zamani, akingoja amalize kulia ili waende nyumbani.

“Ndivyo,” akasema. Akarudia kwa sauti ya kusikika. “Ndivyo. Nyumba ni yake. Mjomba aliniusia, nami niliapa.”

Shekhe akasema alhamdulillahi, kwa sauti ya mtu aliyeshinda mabishano bila ya kutoa jasho. Mzee Mwinga akanung'unika kitu juu ya vijana wa Uhuru, lakini mpwa mwenyewe amekwisha kukataa, na mpwa akikataa fuko halina mkono. Wanawake wakapiga vigelegele. Wakasema mnamwona Alfani, mtoto wa kulea anayeshinda wa kuzaa, hakuchukua, akapaka, akakabidhi. Wakamshika mabega, wakamwombea dua. Alfani akasimama katikati ya sifa zile, na aibu ikamvaa kuliko siku zote, kwa sababu kila neno lilimfaa mtu ambaye angeweza kuwa, lakini hakuwa.

Shangazi yake Esha peke yake hakupiga kigelegele. Alijifunga buibui lake, akampitia Alfani kwa karibu, akasema kwa sauti ya chini, bila hasira.

“Kumbe tulikuwa kwake. Tukakaa barazani kwake tukala halwa, mwenye nyumba yuko ndani na msiba wake, na hatukumpa hata pole.”

Akaenda ndani kumtafuta Bi Mwanasha amwombe radhi kwa kosa lisilokuwa lake. Kumdanganya mkwe ni vibaya. Kumfanya mkwe amkosee adabu mjane, hilo watu wa pwani hawalisahau haraka. Baadaye habari zilitoka Jego kwamba posa haijavunjika, lakini ajenge kwanza, na safari hii watakuja kuiona ikiwa bado ni miti, ili wajue ni ya nani.

Watu walipotawanyika, Alfani alizunguka kwenda uani. Bi Mwanasha alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, leso mpya ameikunja akairudisha begani, mgongo wa nyumba nyuma yake umebambuka vile vile. Akaamkia shikamoo. Akaitikiwa marahaba.

“Nitaikwangua yote, mkaza mjomba,” akasema. “Niambie rangi uitakayo, nitaanza leo.”

Bi Mwanasha akamwonyesha mtungi uliokuwa pembeni, umefunikwa kwa kifuu na kitambaa. Alfani akaufunua. Ulikuwa umejaa chokaa iliyolowekwa, laini, iliyotulia, maji safi yakisimama juu yake. Pembeni palikuwa na kifundo cha kitambaa, na ndani yake buluu ya kufulia, ile ambayo watu huweka chembe yake kwenye maji ya kanzu nyeupe ili ing'are.

“Chokaa na buluu kidogo,” Bi Mwanasha akasema. “Ndivyo mjomba wako alivyoipaka mwaka aliponioa. Jioni ya siku aliyozungumza nawe, mimi nilipoingia na uji aliniambia wosia wake, na kwamba ameshakwambia. Nikamwomba Kahaso aninunulie chokaa nilipoingia edani, nikailoweka, nikakungoja uje uniulize.”

Alfani akachuchumaa chini. Kumbe alijua tangu mwanzo. Tangu Ijumaa ya kwanza, aliposimama mlangoni akaulizwa amekula nini, alikuwa akijua. Alipokuwa akikwangua, alikuwa akijua. Alipomwaga kahawa kwenye mkeka, alikuwa akijua, amejiziba mdomo kwa kanga.

“Ulinisikia,” akasema. “Siku ya wageni.”

“Nilikusikia.”

“Basi kwa nini umenisitiri mbele ya watu?”

Bi Mwanasha aliirekebisha leso yake, akatazama kamba ya nguo.

“Nimekulea mimi,” akasema. “Ukifedheheka wewe, watauliza umelelewa na nani. Nitawajibu nini?”

Alfani akalia, na safari hii hakujificha. Alipomaliza akasema tena kwamba ataikwangua ile ya mbele, hataki kuiona. Bi Mwanasha akakataa.

“Ya mbele iache. Umewapakia wapita njia, na wapita njia wameipenda. Mimi ninaishi huku.”

Basi Alfani akavua shati, akapaka uani. Bi Mwanasha mwenyewe ndiye aliyetia buluu, chembe kwa chembe, akikoroga kwa upawa na kuitazama kwenye jua, na hakuwa na haraka. Alfani alipaka mpaka adhana ya alasiri, chokaa ikimdondokea nyweleni na kumwuma kwenye mikwaruzo ya vidole, na mwanamke yule alikaa nyuma yake akichambua mchicha. Ukuta ulipokauka ukawa mweupe wenye ubaridi, kama kanzu ya Idi.

Miaka ikaenda. Alfani alijenga chumba kimoja, kisha cha pili, mbali na barabara, na Esha akaja. Chokaa ya uani ilikuwa ikichakaa kila masika, kama chokaa zote, na kila masika ikiisha Alfani alikuwa akienda kuipaka upya. Rangi ya mbele haikuchakaa. Ilikaa vile vile, laini na ya waridi, isiyojali mvua wala chumvi, na mgeni yeyote aliyepita aliuliza ni nani aliyempakia bibi yule nyumba nzuri namna ile. Watu walimwonyesha Alfani kwa kidole, wakimsifu kwa nguvu ili asikie. Naye, akiwa na ndoo ya chokaa mkononi, alikuwa akiitikia ahsante, maana angesema nini, kisha akazunguka kwenda uani.